KAZI NA DAWA: Mafundi wa kompyuta wanapumzika vipi?

Wazee wetu walisema, "Kazi mbaya siyo mchezo mwema." Methali hii tumeisikia tangu utoto, hasa tulipokutwa tunacheza gololi wakati ng'ombe wameingia shambani kwa jirani. Lakini wazee haohao walisema pia, "Kazi na dawa." Maana yake ni kwamba mtu afanyaye kazi sharti apate kitu cha kumburudisha, la sivyo kazi yenyewe itamlaza kitandani. Methali ya kwanza tunaikumbuka sana. Ya pili tunaitaja tukitaka kunywa soda tu. Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unataka kuitetea hiyo ya pili.

Tumesukumwa kuandika habari hii na mama mmoja aliyetufikia mwanzoni mwa mwaka. Mwanawe ana umri wa miaka 29 na ni fundi wa programu za kompyuta mjini. Kazi yake ni nzuri, mshahara wake ndio unaosomesha wadogo zake wawili. Lakini alipokwenda hospitali kwa ajili ya maumivu ya kichwa, aliambiwa kwamba shinikizo lake la damu liko juu.

"Mwanangu hanywi pombe, havuti sigara, wala hatembei usiku," mama yule alisema. "Akitoka kazini anaingia chumbani na kompyuta yake, basi. Sasa hilo shinikizo limetoka wapi?"

Tukamwuliza, "Mama, akiwa hana kazi, anapenda kufanya nini?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akajibu, "Zamani alikuwa anafuga njiwa."

Ndugu msomaji, jibu hilo tumelifikiria sana. Hatusemi kwamba njiwa huponya shinikizo la damu. Ugonjwa huo una vyanzo vingi, kama vile urithi, chumvi nyingi, unene, pombe na figo zenye hitilafu, na daktari ndiye wa kuamua tiba. Lakini kijana asiye na jambo lolote nje ya kazi yake ameondoa pia kutembea, kucheka, jua la asubuhi na usingizi. Vitu hivyo vinne ni sehemu ya afya.

KUKAA KUTWA KUNALETA NINI?

Kompyuta yenyewe haina kosa. Haimwambukizi mtu ugonjwa, na imetuletea faida nyingi hata katika hospitali zetu. Shida ni namna tunavyoitumia, tukikaa mahali pamoja, tukitazama kitu kimoja na kurudiarudia mwendo uleule wa vidole kwa saa nyingi.

Macho ndiyo hulalamika kwanza. Mtu akikazia macho kioo cha kompyuta husahau kupepesa kope. Kope zisipopepea, jicho hukauka, huwasha, huwa jekundu na huona ukungu. Jioni kichwa kinauma. Wengi hudhani wanahitaji miwani, kumbe jicho limechoka tu. Wataalamu wa macho wanashauri hivi: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20, na upepese kope kwa makusudi.

Mikono hufuata. Katika kifundo cha mkono kuna njia nyembamba inayopitisha mshipa wa fahamu uendao vidoleni. Mshipa huo ukibanwa, mtu huhisi ganzi na kuchomachoma kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku. Akiachia hali hiyo kwa muda mrefu, misuli ya gumba hudhoofika, na hata kufunga kifungo cha shati huwa taabu.

Halafu kuna mgongo, shingo, na mzunguko wa damu. Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya miguu inayojikaza tunapotembea. Mtu asipotembea, damu hutuama. Miguu huvimba, na kwa baadhi ya watu damu huweza kuganda ndani ya mshipa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafula, hasa ukifuatwa na kukosa pumzi, usingoje kesho. Nenda hospitali mara moja.

Lakini tatizo kubwa kuliko yote ni saa zenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Kazi Duniani walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu wanaofanya kazi saa nyingi. Walikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo kutokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Wakilinganishwa na wale wa saa 35 hadi 40, watu hao walikuwa na hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyozidi kwa asilimia 17. Saa 55 si nyingi sana kwa kijana wa kompyuta. Ni saa tisa na kidogo kila siku kwa siku sita.

Tena mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi hali ya mtu kuchoshwa kabisa na kazi. Halikuiita ugonjwa, bali jambo litokanalo na kazi. Dalili zake ni tatu: nguvu kumwishia mtu, moyo wake kujitenga na kazi yake hata kuichukia, na kuona kwamba hafanyi tena lolote la maana. Msomaji, ukimwona kijana wako yumo katika hali hiyo, usimwite mvivu.

Basi, wale walioanzisha na kuijenga elimu hii ya kompyuta, wao walipumzika vipi? Tumetazama maisha ya wachache wao, na tumeona mambo ya kutufundisha.

MWANAHISABATI ALIYEKIMBIA

Alan Turing alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1912. Mwaka 1936 aliandika makala ya hisabati ambayo ilikuja kuwa msingi wa elimu ya kompyuta, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mmoja wa wale waliofumbua maandishi ya siri ya jeshi la Ujerumani. Kazi hiyo ilikuwa ya kuumiza kichwa usiku na mchana.

Yeye dawa yake ilikuwa kukimbia. Baada ya vita alijiunga na klabu ya wakimbiaji, na wenzake walieleza baadaye kwamba aliwaambia anakimbia kwa nguvu ili aondoe mawazo ya kazi kichwani. Mwaka 1947, akiwa na miaka 35, alishiriki mbio za marathoni za ubingwa wa riadha Uingereza, akashika nafasi ya tano kwa saa 2, dakika 46 na sekunde 3. Mwaka uliofuata, katika Michezo ya Olimpiki ya London, mshindi wa marathoni alitumia saa 2 na dakika 34 na kitu. Yaani huyu mtu wa vitabu alikuwa nyuma ya bingwa wa Olimpiki kwa dakika 11 tu!

Hatumwambii msomaji wetu aanze kesho na kilometa 42. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa juma, pamoja na mazoezi ya kutia nguvu misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa haraka kwenda kituo cha basi kunahesabika, na vilevile kulima bustani au kucheza ngoma. Kipimo chake ni rahisi: katika mazoezi ya wastani unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba.

PROFESA NA KINANDA CHAKE

Donald Knuth ni profesa wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1938. Mwaka 1968 alitoa buku la kwanza la kazi yake kubwa juu ya ufundi wa kupanga programu, na mpaka uzeeni ameendelea kuiandika. Mtu angetegemea kwamba profesa huyo ashinde na kulala juu ya kompyuta. Lakini tarehe 1 Januari 1990 aliacha kabisa kutumia barua za kompyuta, baada ya kuzitumia kwa miaka 15 hivi. Aliona zinakatisha fikra zake, naye kazi yake inataka utulivu. Anayemhitaji na amwandikie barua ya karatasi.

Burudani yake ni kinanda cha mabomba, kile kikubwa tunachokijua makanisani. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya Kilutheri na mpiga kinanda wa kanisa, na mwana akarithi mapenzi hayo. Nyumbani kwake alijengewa chumba maalumu chenye kinanda cha namna hiyo. Hakuishia kupiga nyimbo za wengine. Alitunga muziki mrefu wa kinanda unaofuata Kitabu cha Ufunuo, nao ulipigwa kwa mara ya kwanza huko Sweden tarehe 10 Januari 2018, siku aliyotimiza miaka 80.

Tunajifunza nini? Kwanza, mpiga kinanda wa namna hiyo hufanya kazi kwa mikono miwili na miguu miwili, masikio yakisikiliza na macho yakisoma. Hakuna nafasi iliyobaki kichwani ya kufikiria programu iliyoharibika jana. Akili haipumziki kwa kukaa bure tu, hupumzika pia kwa kupewa kazi ya namna nyingine. Pili, kinanda cha Knuth kimemngoja maisha yote. Mwaka 2023 jarida la kitaalamu lilichapa uchunguzi uliokusanya habari za watu zaidi ya 93,000 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea katika nchi 16. Wale waliokuwa na jambo walipendalo kulifanya walikuwa na dalili chache za sonona, na waliridhika zaidi na maisha yao. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba burudani ndiyo iliyoleta furaha, kwani yawezekana mwenye furaha ndiye apataye moyo wa kujiburudisha. Hata hivyo, mzee mwenye jambo la kumwamsha asubuhi si sawa na mzee anayehesabu vigae vya dari. Na jambo hilo huandaliwa ujanani.

MIPIRA HEWANI

Mwamerika Claude Shannon aliandika mwaka 1948 makala iliyoweka msingi wa elimu ya mawasiliano yote tunayotumia leo, simu, redio na kompyuta. Mtu huyo mkubwa alionekana akipita kwenye varanda za ofisi yake juu ya baiskeli ya gurudumu moja, huku akirusha na kudaka mipira! Wengine walicheka. Yeye alitengeneza hata mashine ya kurusha mipira, na akaandika kanuni ya hesabu inayoeleza mchezo huo.

Je, mchezo kama huo una faida yoyote mwilini? Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliwafundisha watu wazima kurusha mipira mitatu kwa muda wa miezi mitatu. Walipopiga picha za ubongo wao waliona kwamba baadhi ya sehemu zinazohusika na kuona vitu vinavyotembea zilikuwa zimenenepa. Watu hao walipoacha mchezo kwa miezi mitatu mingine, sehemu hizo zilianza kurudi kama zamani. Yaani ubongo wa mtu mzima nao unafanana na msuli: ukiutumia unajijenga, ukiuacha unapungua.

Lakini tuwe wakweli. Shannon huyohuyo, pamoja na akili yake na mipira yake, uzeeni alipatwa na ugonjwa wa kusahau uitwao Alzheimer, akafariki mwaka 2001. Burudani si hirizi. Inamfaa mtu katika siku alizo nazo, lakini haimpi hati ya kutougua. Tunasema hivi kwa sababu wapo wauzaji wa michezo na dawa wanaodai kwamba vitu vyao huzuia kabisa ugonjwa huo. Usitupe fedha yako.

CHINI YA BAHARI

Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini, alianzisha mwaka 1991 mfumo wa kompyuta uitwao Linux, ambao sasa unaendesha mitambo mingi ya intaneti duniani na umo ndani ya simu nyingi za mkononi. Yeye hupenda kuzamia baharini na mtungi wa hewa mgongoni. Chini ya maji hakuna simu inayolia wala mtu wa kukuita. Kuna pumzi yako tu, na samaki.

Hata hivyo kazi haikumwacha. Mwaka 2011 alianza kuandika programu ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za uzamiaji wake! Tunacheka, lakini kuna onyo humo. Mtu wa fani yoyote hupenda kuivuta burudani yake irudi kazini. Fundi cherehani hupumzika kwa kushona, na mwalimu hupumzika kwa kuwafundisha watoto wa jirani. Si dhambi. Lakini angalau baadhi ya burudani zetu ziwe mbali na kiti kilekile na kioo kilekile.

Kwa kuwa baadhi ya vijana wetu sasa wanazamia Unguja, Pemba, Mafia na Mombasa, tuseme neno la afya. Mzamiaji anapovuta hewa ya mtungi kwenye kina, gesi ya nitrojeni huyeyuka katika damu yake. Akipanda juu kwa haraka, gesi hiyo hutoka kwa mapovu, kama soda inavyofanya chupa ikifunguliwa. Mapovu hayo yakikwama kwenye viungo au uti wa mgongo huleta maumivu makali, kupooza, hata kifo. Kwa hiyo mzamiaji hupanda polepole, isizidi mita 9 hivi kwa dakika, husimama dakika tatu kwenye kina cha mita 5, na kamwe hazuii pumzi wakati wa kupanda. Tena asipande ndege siku hiyohiyo. Atakayetaka kujifunza na ajifunze kwa mwalimu mwenye cheti, wala asizamie peke yake.

MHOLANZI WA KIBAALE

Mfano wa mwisho umetokea jirani kabisa. Bram Moolenaar alikuwa Mholanzi. Mwaka 1991 alitoa programu ya kuandikia iitwayo Vim, ambayo mafundi wa kompyuta wa dunia nzima huitumia. Mwaka 1994 alikwenda kujitolea kwa mwaka mmoja Kibaale, mji mdogo katika eneo la Rakai, kusini mwa Uganda, mahali pasipo mbali na mpaka wa Mkoa wetu wa Kagera. Wakazi wa pande zile mbili wanakumbuka jinsi ukimwi ulivyowamaliza watu katika miaka ya 1980 na 1990, na jinsi nyumba nyingi zilivyobaki na bibi na wajukuu tu. Moolenaar alifanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto pale.

Aliporudi Ulaya hakuwasahau. Programu yake aliitoa bure, lakini kila aliyeifungua alisoma kwenye kioo ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Fedha zilizotumwa zilipelekwa kwa watoto wa Kibaale, nao walisoma kwa fedha hizo mwaka hadi mwaka. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023 akiwa na miaka 62.

Huyu hakutafuta mchezo. Alitafuta watu. Nasi tunaona kwamba kwa mtu ashindaye na mashine kutwa, hiyo huenda ndiyo dawa inayokosekana zaidi. Kwaya ya kigango, timu ya mpira ya mtaa, kuwatembelea wagonjwa wodini, kuwafundisha hesabu watoto wa darasa la saba, bao chini ya mwembe pamoja na wazee: yote hayo humtoa mtu chumbani na kumweka mbele ya nyuso.

URAIBU WENYE SURA MBILI

Jambo mtu apendalo kulifanya wakati wa mapumziko, Kiswahili huliita pia "uraibu". Neno hilo zamani lilitumika hasa kwa tambuu na tumbaku, vitu ambavyo mtu hutafuna kwa mazoea ili kujiburudisha, na baadaye hawezi kuviacha. Lugha yetu imetuonya mapema: kinachotuburudisha chaweza pia kutufunga.

Michezo ya kompyuta na kamari za simu zimewafunga vijana wengi. Wakati wa kamari mtu hukaa kwenye kiti kilekile, macho kwenye kioo kilekile, na sasa mshahara nao unakwenda. Hiyo si dawa ya kazi, ni ugonjwa wa pili. Dalili zake ni kudanganya kuhusu muda au fedha, kukosa usingizi, kukasirika akizuiwa, na kuacha mambo aliyoyapenda zamani. Mwenye dalili hizo anahitaji msaada, si matusi.

Hata burudani njema zina hatari zake. Mmarekani Mark Zuckerberg, mmoja wa waanzilishi wa Facebook, alipenda michezo ya mieleka na ngumi. Mwaka 2023 alikatika ukano wa goti mazoezini, akafanyiwa upasuaji. Wanaopenda kutengeneza redio na vifaa vya umeme hutumia lehemu yenye risasi. Hao wafungue madirisha, kwa kuwa moshi wake huweza kuleta pumu, na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu risasi huingia mwilini kupitia vidole vilivyogusa chakula. Watoto na mama wajawazito wakae mbali kabisa. Na anayetaka kurusha mawimbi ya redio apate kwanza leseni ya serikali.

TUFANYE NINI?

Haya ni mashauri yetu kwa kijana wa kompyuta, na kwa mtu yeyote ashindaye kwenye kiti, akiwemo karani, dereva na fundi cherehani:

1. Chagua jambo moja tu la kuanzia. Lisiwe la gharama. Fikiria ulichopenda ukiwa na miaka 12, mara nyingi jibu limo humo.

2. Liwekee siku na saa, kama unavyoweka miadi na daktari. "Nikipata nafasi" maana yake ni kamwe.

3. Likiwezekana, lifanyike nje ya nyumba, mchana. Mwanga wa mchana huusaidia mwili kujua saa ya kulala. Kwa watoto faida ni kubwa zaidi: uchunguzi uliofanywa katika nchi za Asia ya Mashariki umeonyesha kwamba watoto wakaao nje muda mrefu zaidi kila siku hawapatwi sana na shida ya kutoona mbali.

4. Lihusishe watu wengine angalau mara moja kwa juma.

5. Inuka kitini kila baada ya nusu saa, hata kama ni kwenda kunywa maji. Mkono ukipata ganzi, usingoje miezi.

6. Zima kompyuta na simu saa moja kabla ya kulala. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi.

7. Pima shinikizo la damu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama u kijana na huumwi. Ugonjwa huu haupigi hodi. Na ukipewa dawa, usiziache kwa sababu umeanza mazoezi. Daktari ndiye atakayezipunguza.

8. Wenye ugonjwa wa moyo, kisukari au waliozidi miaka 40 bila mazoezi, waonane na daktari kabla ya kuanza mchezo wa nguvu. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi ni amri ya kusimama.

Kwa wazazi na waajiri tuna neno moja. Mzazi akimkuta kijana wake anachora, anapiga gitaa au anapanda maua, asimwulize, "Hiyo itakuletea shilingi ngapi?" Swali hilo limeua burudani nyingi nzuri. Na mwajiri anayempigia mfanyakazi wake simu saa nne usiku ajue kwamba fundi aliyechoka hufanya makosa, na makosa ya kompyuta ni ghali kuyarekebisha kuliko usiku mmoja wa usingizi.

NJIWA WAMERUDI

Mama yule alitupitia tena majuzi. Mwanawe bado anatumia vidonge vyake kila asubuhi, na vipimo vyake vimeanza kushuka. Nyuma ya nyumba aliyopanga amejenga kibanda cha mbao, na amenunua njiwa jozi mbili. Jumamosi huamka mapema, hupanda ngazi, hubeba maji, hufagia. Watoto wa majirani huja kutazama, naye huwaeleza majina ya njiwa mmoja mmoja.

"Juzi nimemsikia anapiga mluzi," mama alisema. "Sikumsikia akipiga mluzi tangu amalize shule."

Tulifurahi, lakini tukamwambia: "Mama, mwambie afunike pua na mdomo kwa kitambaa kizito au barakoa anapofagia kibanda, tena anyunyize maji kidogo kwanza. Vumbi la kinyesi cha njiwa huleta ugonjwa wa mapafu."

Akacheka. "Ninyi watu wa afya hamwezi kumwacha mtu afurahi hata kidogo!"

Haya basi, msomaji. Furahi, ila funika pua. Kazi na dawa.